Mkasi wa Mashoto

Sehemu ya kumi na moja: Ladu la Ammi

Haya, kaeni vizuri, maana najua mlinisema wiki nzima. Nilimwacha Rubab Mir amesimama katika chumba cha mikutano cha hoteli, hapa hapa Sialkot, mbele ya meza yenye mikasi miwili ya upasuaji iliyofanana kama mapacha. Mmoja una chapa ya Rangpura, mtaa wetu. Wa pili una chapa ya Kijerumani. Na Daktari Farzana Lodhi, aliyetoka Lahore kuja kununulia hospitali yake vifaa, ameuliza swali moja tu.

"Nani kati yenu ni mwizi?"

Rubab akafungua mdomo.

Aliyejibu ni Tahir Sethi, wakala wa Wajerumani, yule mwenye suti ya kijivu na marashi yanayomtangulia mlangoni.

"Daktari, hilo nalo swali?" akasema. "Lini umesikia Mjerumani akaiga mkasi wa Rangpura?"

Wakubwa wawili wa hospitali waliokaa kando ya daktari wakacheka. Walicheka, jamani, na wao ni Wapakistani kama mimi. Hicho ndicho kinachonichoma roho. Mji huu unafua chuma, unasugua, unang'arisha, halafu unakipeleka hakina jina kwa watu wenye jina. Kikirudi kimepigwa chapa ya ugenini tunakipokea kwa mikono miwili na kukilipia mara kumi.

Rubab alikataa mchezo huo. Alimaliza chuo cha uhandisi akiwa wa kwanza, akaiacha kazi ya Dubai, akafungua karakana darini kwa marehemu baba yake. Humo anawafundisha wasichana wa mtaani kuchora, kupima na kusugua chuma. Na kwa kuwa yeye mwenyewe ni mashoto, akabuni kitu ambacho wanaume wa mji mzima hawakukifikiria: mkasi wa daktari anayepasua kwa mkono wa kushoto.

Daktari Lodhi akinunua, karakana inaishi na darasa linaendelea. Asiponunua, mwisho wa mwezi mlango unafungwa, na wasichana wale wanarudi kushona mipira majumbani. Ndiyo habari yenyewe, haina mzunguko.

"Bwana Sethi, mimi ni mashoto," daktari akasema. Aliuchukua mkasi mmoja, akaujaribu, akauchukua na wa pili. "Tangu nianze kupasua nabanwa na mikasi ya watu wa kulia. Hii miwili ndiyo ya kwanza kunitii. Ila yote inanibana hapa, ubavuni mwa kidole gumba. Ajabu, yote miwili, mahali pale pale."

Wewe unayesoma, neno hilo lishike. Rubab hakulishika, kichwa chake kilikuwa kinavuma.

"Kalibu!" akasema ghafla. "Daktari, mkasi huzaliwa kwenye kalibu la chuma. Mwenye kalibu la kwanza ndiye mwenye mkasi. Ninalo."

"Liko wapi?"

"Nyumbani. Limefungiwa."

"Lilete kabla ya adhana ya Alasiri. Ikishaadhiniwa, mimi naondoka zangu Lahore."

Sethi akatabasamu. Rubab alikuwa ameshafika mlangoni, hakumwona. Angemwona angejua.

*

Nje alikuwa anasubiri Khurram, binamu yake na mchumba wake, juu ya pikipiki.

"Vipi?"

"Endesha. Twende nyumbani."

"Umelia?"

"Khurram, endesha!"

Sasa, kalibu Rubab alilificha wapi? Ndani ya sanduku lake la arusi, lile sanduku kubwa la bati ambalo mama humjazia binti yake tangu akiwa anatambaa: mashuka, vyombo, mablanketi mazito ya pamba. Alilifunga kalibu kwa taulo la bluu akalilaza katikati ya mashuka. Aliwaza hivi: mwizi gani wa Sialkot atafungua sanduku la arusi la msichana? Hata jambazi ana dada. Na ufunguo uko kwa Ammi, mama yake, umefungwa fundo kwenye ncha ya mtandio, na Ammi hulala nao.

Aliwaza vizuri. Ndivyo tungewaza sote.

Nyumbani Ammi hakuwapo. Kufuli lilikuwa linaning'inia salama, zima, bila hata mkwaruzo.

"Livunje," Rubab akasema.

"Sanduku la arusi? Mama yako atanivunja mimi."

"Nitakuombea msamaha. Livunje!"

Khurram akapiga nyundo mara mbili, kufuli likakatika. Rubab akatupa mashuka huku na huku, akatupa mablanketi, akafikia kitu kigumu. Alishusha pumzi kabisa, maskini. Akakifunua.

Tofali.

Tofali jekundu, limefungwa kwenye kitambaa kikuukuu cha jikoni kama mtoto aliyelazwa. Taulo la bluu halipo. Kalibu halipo.

Rubab akakaa sakafuni. Kisha akainua macho taratibu, akamtazama mchumba wake.

"Jumamosi," akasema, "ulionekana mkahawani na Sethi. Mnakunywa chai."

Khurram akaiweka nyundo chini.

"Nijibu."

"Nilikunywa chai, ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyenisaidia kulisogeza sanduku hili tulipopiga rangi. Wewe peke yako ulijua kuna chuma humu. Ulisema, 'Arusi gani hii, mashuka mazito hivi?' Tukacheka wote wawili! Nilicheka na wewe, Khurram!"

"Rubab, hebu nisikilize..."

"Umeniuza kwa kikombe cha chai."

"Sethi alitaka nikushawishi uuze. Nikamwambia aende zake. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa hulali, nikasema nisikuongezee."

"Mwongo!"

Akaivua pete ya uchumba. Ilimkatalia kwenye kifundo, akaivuta kwa hasira mpaka ngozi ikachubuka, akamrushia kifuani. Pete ikaanguka kati ya mashuka meupe ya arusi yao wenyewe.

Khurram hakuiokota. Aliliokota lile kufuli lililovunjika, akaligeuzageuza mkononi.

"Hili lilikuwa zima, Rubab," akasema polepole. "Nimelivunja mimi sasa hivi, mbele yako. Aliyetoa kalibu hakuvunja kitu. Alifungua, akachukua, akaweka tofali, akafunga."

Alikuwa bado hajamaliza waliposikia kicheko cha Ammi uani.

*

Ammi aliingia anameremeta. Nyuma yake Daniyal, mdogo wake Rubab, kijana wa mwaka wa mwisho chuoni, amevaa koti jipya na amebeba boksi kubwa kuliko kifua chake, limejaa ladu, vile vitufe vitamu vya samli tunavyogawiana kwenye heri. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kugawiwa. Hata Rubab na Khurram walipokuwa wanaingia, jirani wa pili aliwasalimia huku anatafuna.

"Rubab! Uko nyumbani? Afadhali! Mdogo wako kapata viza! Ujerumani, mwanangu! Anakwenda kusomea uhandisi mkubwa, kila kitu juu yao!"

Akachukua ladu moja. Rubab, kichwa kikiwa mbali, akanyoosha mkono kulipokea.

"Wa kulia!" Ammi akamchapa kibao kwenye mkono ule wa kushoto, kwa mazoea, hata hasira haikuwamo. "Msichana mzima, mpaka leo! Fungua mdomo."

Rubab akafungua mdomo. Ladu likaingia zima.

Ndipo Ammi alipoona sanduku liko wazi. Akaona kufuli mkononi mwa Khurram, akaona tofali. Furaha ikamtoka usoni, akajitahidi kuirudisha, ikagoma.

"Mmelifanya nini sanduku la arusi? Mikosi gani hii mnaitafuta?"

"Ammi," Rubab akasema, ladu likiwa shavuni. "Kalibu langu liko wapi?"

"Kalibu gani?"

"Lililokuwa humu."

"Mimi natia mashuka humo, sitii vyuma. Labda panya."

"Panya wamebeba chuma wakaacha tofali? Wana adabu panya wa nyumba hii."

Khurram akakohoa. Daniyal alikuwa anatazama viatu vyake, navyo vilikuwa vipya.

"Ammi, ufunguo ni wako," Rubab akasema. "Hujawahi kumpa mtu ila mimi. Kama hujui lilipo, niapie."

"Nikuapie wewe? Mimi niliyekuzaa?"

"Niapie kwa kichwa cha Daniyal."

Mashekhe wanakikataza kiapo hicho, na kinamama wetu hawakiachi. Mkono juu ya kichwa cha mtoto, kisha neno. Neno likiwa kweli, hakuna neno. Likiwa uongo, balaa lote linamshukia mwenye kichwa. Kila mtu hapa analijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Ammi akainua mkono. Akaupeleka hadi karibu na nywele za mwanawe, nywele zilizochanwa vizuri kwa ajili ya safari. Mkono ukasimama hewani. Ukaanza kutetemeka. Akaurudisha haraka, akaufutika chini ya mtandio.

"Nimwue mwanangu kwa ajili ya vyuma?" akasema.

Basi. Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi.

Rubab alikuwa na ladu mdomoni, nusu nzima, nusu limeyeyuka. Kulitema hakuweza, maana kulitema ladu la heri ya ndugu ni kumtakia mabaya. Kulimeza nako hakutaka. Machozi yakaanza kumtoka kabla hajasema kitu.

"Lini, Ammi?"

"Sethi Sahib alikuja mwenyewe," Ammi akasema, na sasa maneno yakamwagika. "Akakaa hapo hapo, akaniheshimu. Akasema Wajerumani watamsomesha kijana wetu, ila wanataka waone kitu alichokibuni. Kitu kimoja tu! Daniyal hakuwa na kitu. Nikakumbuka wewe unacho."

"Alichokibuni," Rubab akarudia. Akamgeukia mdogo wake. "Daniyal. Umewaambia umekibuni wewe?"

"Baji..." Ndivyo alivyomwita dada yake tangu ajue kusema. "Nilikuwa nitakuambia nikishafika."

"Ukishafika wapi? Peponi?"

"Baji, wewe unaweza kubuni kingine. Una akili. Mimi sina kama yako, unajua. Mimi nafasi yangu ni hii moja."

"Akili hiyo ndogo uliyonayo niliitia mimi!" Rubab akapiga kelele. "Hesabu nilikufundisha mimi. Dubai niliiacha ili wewe umalize chuo. Nilikuwa nasema, Daniyal akimaliza tutakuwa wawili darini!"

"Usimlaumu mtoto," Ammi akaingilia. "Wewe kesho unaolewa. Kalibu lako utalipeleka kwa watu. Nyumba hii mtoto wa kubaki ni mmoja."

"Wa kubaki? Kwani ndege ya Ujerumani inatua Rangpura?"

Ammi akatafuta jibu, akalipata la mbali.

"Nchi hii itampa nini? Mtoto wa jirani yetu Anwar kasoma mpaka macho yameharibika, leo anauza laini za simu sokoni. Unataka na huyu akauze laini?"

"Ingempa karakana, Ammi. Ilikuwa juu ya kichwa chako hapo hapo, kila siku unasikia nyundo. Ukaiuza kwa mtu atakayempeleka mwanao mbali nawe."

Alilimeza ladu. Akajifuta mdomo kwa mkono wa kushoto, makusudi, mama yake akimwona. Halafu akatoka nje. Hakuwa na kalibu wala mchumba, na mama aliyemwamini asubuhi hakuwa naye tena.

Khurram alikuwa ameshawasha pikipiki.

"Panda," akasema.

"Khurram, mimi nime..."

"Panda kwanza. Tutagombana baadaye, muda tunao."

*

Jua lilikuwa limelalia upande wa pili wa hoteli waliporudi. Rubab alikuwa amejipanga njiani: nitasema kweli, kalibu limeibwa, na mwizi wangu namjua, ila sitamtaja. Hata hapo, wasomaji wangu, hata baada ya yote yale, msichana huyu alikuwa bado anatafuta njia ya kumwokoa mdogo wake na aibu.

Akafungua mlango wa chumba cha mikutano.

Juu ya meza kulikuwa na taulo lake la bluu. Juu ya taulo, kalibu.

"Unatafuta hili, binti?" Sethi akauliza kwa upole kabisa.

Daktari Lodhi alikuwa amekunja uso. "Rubab, ulisema mwenye kalibu la kwanza ndiye mwenye mkasi. Bwana huyu analo."

"Ni langu! Hata taulo ni langu!"

"Ni la nyumbani kwenu," Sethi akasema. "Hilo sibishi. Daktari, ni mambo ya aibu, nilitaka yaishe kimya kimya. Mkasi huu ulibuniwa na mdogo wake, kijana mwenye kipaji ambaye kampuni yangu imeamua kumsomesha. Dada mtu akaona wivu. Akatengeneza mkasi wa mdogo wake kwa siri darini, akaupiga chapa yake, akakuletea wewe. Usinisadiki mimi. Nimemtuma dereva awachukue wenyewe."

Nyuma ya Rubab mlango ukafunguliwa. Marashi ya Sethi yalikuwa tayari yamejaa chumbani, sasa ikaongezeka harufu ya samli na sukari. Ammi akaingia, na Daniyal na koti lake jipya.

Rubab alishika ukingo wa meza. Walikuwa wamekuja kweli. Kuuza kalibu hakukuwatosha, walikuja na kulitolea ushahidi.

"Kijana," daktari akasema, "umebuni wewe mkasi huu?"

"Ndiyo, Daktari." Sauti ilikuwa ndogo.

"Wewe ni mashoto?"

"Hapana. Lakini mkasi huu nautumia."

"Vizuri." Daktari akatoa uzi mwembamba wa kushonea jeraha, akauvuta kati ya vidole vyake. Akamsogezea mkasi. "Kata. Kwa kushoto. Bila kunigusa."

Moyo wa Rubab ukaruka kwa furaha. Wa kulia hawezi! Mtu wa kulia akishika mkasi ule kwa kushoto, uzi humkunjika tu, hakati kitu. Kwisha kazi yake Sethi!

Daniyal akashika mkasi. Akakata mara moja, safi, ngozi ya daktari haikuguswa.

Rubab ndipo alipokumbuka. Msimu uliopita wa machungwa, darini, jua la baridi, yeye na Daniyal na lundo la maganda. Alikuwa anahitaji mtu wa kuujaribia mkasi, akamfundisha mdogo wake siku baada ya siku kukata kwa mkono asioujua, mpaka akaweza. Walicheka sana siku zile. Alipofaulu kukata uzi wa kwanza, Rubab ndiye aliyempigia makofi.

"Anaweza," daktari akasema. Aliuweka uzi mezani, akaanza kukusanya mkoba wake. "Rubab, una la kusema? Maana mimi nimechoka."

"Waulize wasichana wangu!"

"Wafanyakazi wako?" Sethi akacheka. "Watasema hata jua ulilitengeneza wewe."

Daktari akasugua kidole gumba chake, pale ubavuni palipombana. Alikuwa anafanya hivyo tangu asubuhi. Na safari hii Rubab aliliona.

"Daktari," akasema, na sauti yake ilibadilika. "Mkasi unakubana hapo kwa sababu tundu la kidole limepinda."

"Limepinda, ndiyo. Nilitaka kuwalaumu wote wawili."

"Muulize mbunifu limepinda kwa nini."

Daktari akamtazama Daniyal. Daniyal akamtazama Sethi. Sethi akatazama kalibu kana kwamba litamnong'oneza.

"Ni... ni mtindo," Daniyal akasema.

"Si mtindo. Ni kosa, na ni langu," Rubab akasema. Aliuchukua mkasi wenye chapa ya Kijerumani, akauinua mbele ya wote. "Mfano wa kwanza niliukanda kwa nta, nikaukandia kwenye kidole changu mwenyewe. Sikuwa na kidole kingine. Nikasahau kwamba changu si kama cha watu."

Akakiingiza kidole gumba chake cha kushoto. Kilikuwa kimepinda kwenye kiungo, kimeelekea ndani. Kiliingia kwenye tundu bila kugusa upande wowote, kikatulia humo kama kimezaliwa nalo.

Mmoja wa wale wakubwa wa hospitali, aliyecheka asubuhi, akainuka ili aone vizuri. Daktari Lodhi akaushika mkono wa Rubab, akaugeuza, akapapasa kiungo kwa ncha za vidole.

"Mfupa huu ulivunjika utotoni," akasema. "Ukaunga vibaya. Ilikuwaje?"

Ilikuwa hivi. Rubab alikuwa mdogo, wageni wamekaa, akachukua tonge kwa mkono wa kushoto mbele yao. Ammi aliyekuwa anasukuma chapati akampiga kwa ule mti wa kusukumia, aibu imempanda kichwani. Mtoto hakulia kwa sababu ya wageni. Walipoondoka, kidole kilikuwa kimevimba kama biringanya, na Ammi akalia usiku kucha amekipakata. Watu watatu tu duniani walikijua kisa hicho, na mmoja tumekwisha kumzika.

Rubab hakukisimulia. Alimtazama mama yake.

"Muulize Ammi," akasema.

Sethi hakuwa anatabasamu tena. Daniyal alikuwa ameinamisha kichwa. Daktari akamgeukia yule mama mnene mwenye mtandio wa kijani, akasema naye kwa heshima zote.

"Mama, mimi pia ni mashoto. Mwalimu alinipiga rula mpaka nikajua kujificha. Hakuna wa kukulaumu. Niambie tu, kidole hiki kilivunjikaje? Kama ni kweli kilivunjika utotoni, basi mkasi ni wake, na mimi naagiza leo."

Ammi akamtazama Rubab. Akamtazama Daniyal, na koti, na viatu.

"Hakikuvunjika," akasema. "Kazaliwa nacho. Na ndugu yake anacho hivyo hivyo kidogo, ni vidole vya ukoo. Alipimia chake."

Khurram, aliyesimama mlangoni, akasema neno ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika.

"Vidole vya ukoo," Sethi akarukia. "Si mmesikia?"

Daktari Lodhi akaukazia macho uso wa Ammi.

"Mama," akasema, "kidole cha kijana naweza kukipima mwenyewe, lakini mimi ni mtoto wa mama wa Kipunjabi. Yaseme tena maneno hayo. Mkono juu ya kichwa cha mwanao."

Na papo hapo ikaanza adhana ya Alasiri.

Ammi, kwa mazoea ya maisha yake yote, akavuta mtandio akafunika kichwa, na ncha yenye fundo ikaanguka mbele, ufunguo wa sanduku ukigonga ukingo wa meza. Rubab aliutazama ufunguo ule mpaka mwadhini akamaliza.

Ammi akasogea mbele.

Watoto wake wawili walikuwa mbele yake. Daniyal alikuwa karibu zaidi, na alikuwa amefumba macho. Ammi akamfikia. Akasimama kidogo. Akampita.

Rubab akamwona anakuja, na mimi nitasema alichowaza, maana kinaniuma: aliwaza, anakuja kunikumbatia. Ameshindwa. Mama yangu ameshindwa, anakuja kusema kweli. Akanyoosha mikono yote miwili kumpokea.

Mkono wa Ammi ukatua juu ya kichwa chake.

Ulikuwa mkono wa moto, unanukia samli. Ulikuwa mkono ule ule uliokataa mchana kugusa nywele za Daniyal. Sasa haukutetemeka hata kidogo.

"Naapa," Ammi akasema, "kwa kichwa cha binti yangu huyu..."

Akakwama hapo. Chini ya kiganja chake Rubab hakusogea. Aliishusha mikono yake taratibu, akauweka mkasi mezani, akamtazama mama yake machoni.

"Maliza, Ammi," akasema. "Usiishie njiani."